Mayai Yenye Macho na Kihamba cha Ukingoni

Hapo zamani, mito ya upande wetu wa Kilimanjaro ilikuwa na maji, mawe na kaa wadogo, basi. Wale samaki wenye madoa mnaowaona leo hawakuwako. Waliletwa, tena waliletwa wakiwa mayai, na katika kuletwa kwao kulizuka swali ambalo mimi nimeshindwa kulijibu tangu siku niliposimuliwa. Nimelipeleka kwa mwalimu, nimelipeleka kwa mchungaji, nimelipeleka kwa hakimu mstaafu. Kila mmoja alinipa jibu, na kila jibu lilinitosha mpaka nilipofika mlangoni kwangu. Sasa nawaletea nyinyi. Sikilizeni vizuri, maana mimi nitasimulia tu. Kujibu ni kazi yenu.

Palikuwa na Mzungu mmoja wa serikali, enzi za Mwingereza. Jina lake lilikuwa Treston, lakini hakuna aliyelitumia. Watu walimwita Bwana Mayai. Alikuwa mtu mpole, mrefu, mwenye shingo nyekundu, na alikuwa na ugonjwa mmoja: kila akiutazama mto wetu Ikuwi, na baridi yake na povu lake, aliona kwao.

"Mto mzuri namna hii," alikuwa akisema, "umekosa trauti tu."

Trauti ni samaki wa kwao, samaki wa maji baridi. Akaandika barua Ulaya. Wakamjibu: samaki mzima hatavuka bahari, lakini yai lake litavuka, likilazwa kwenye trei, juu ya yale manyoya ya kijani yanayoota kwenye mawe yenye maji, na trei zikizungushiwa barafu. Yakipata joto, yatakufa. Yakikauka, yatakufa. Yakitikiswa sana, yatakufa.

Sanduku la kwanza likaja. Lilifika Tanga likinuka. Likatupwa.

Sanduku la pili likaja. Hilo lilifika hai hadi stesheni ya Moshi. Pale karani akasema mzigo hautoki bila muhuri, na mwenye muhuri alikuwa amekwenda kula. Aliporudi, ameshiba, mayai yalikuwa meupe kama wali. Likatupwa.

Wakubwa wa Bwana Mayai wakamwandikia mstari mmoja: la tatu ndilo la mwisho.

Bwana Mayai akaenda kwa Mangi, mtawala wetu, akakaa akamweleza shida yake. Mangi akamsikiliza, akacheka kidogo.

"Bwana, watu wako wanabeba mayai kama wanavyobeba misumari. Hukuwaahidi kitu cha kuwakosesha usingizi."

"Niwaahidi nini?"

"Ngoja nikuahidie mimi."

Ukingoni mwa Ikuwi kulikuwa na kihamba ambacho mwenyewe alikufa bila mtoto, kikarudi mikononi mwa Mangi. Asiyejua kihamba nimweleze: ni ile bustani ya migomba ambamo mtu huzaliwa, huoa, hufia na huzikwa. Hakiuzwi. Hakikatwi vipande. Mtu asiye na kihamba kwetu ni mpita njia, hata kama kitovu chake kimezikwa hapa. Na kile cha ukingoni kilikuwa na migomba minene na nyumba ambayo ilihitaji kuezekwa tu.

Mangi akatangaza: "Sanduku la tatu likifika, mayai yakaanguliwa, samaki wakaogelea, kihamba cha ukingoni atapewa mtu ambaye bila yeye yangekufa."

Aliona ametunga sharti rahisi. Habari ikashuka mlima, ikafika Moshi, ikapanda treni, ikaenda Tanga.

Tanga palikuwa na mpiga breki wa treni aitwaye Singano, Mbondei. Ardhi ya baba yake ilikuwa imemezwa na shamba la mkonge tangu yeye hajaota meno. Alikuwa amelala kwenye behewa la mwisho miaka kumi na mmoja, na nguo zake zote zilikuwa zinaning'inia kwenye msumari mmoja. Aliposikia habari ya kihamba, akawaambia wenzake, "Mimi hilo sanduku nitalipakata kama mtoto."

Meli ikafika. Sanduku likashushwa, likawekwa barafu mpya na unga wa mbao, likapakiwa kwenye behewa la Singano. Akafungua kifuniko kidogo, akachungulia. Mayai yalikuwa ya rangi ya machungwa, na kila yai lilikuwa na vidoa viwili vyeusi. Akashtuka, akafunga.

"Yana macho!" akamwambia mwenzake. "Wallahi yananitazama."

Treni ikaondoka. Muheza ikapita, Korogwe ikapita, Mombo ikapita. Ilipofika nyika ya Mkomazi, injini ikakohoa, ikasimama. Saa sita mchana. Dereva akasema itachukua saa moja. Zikawa tano. Maji ya barafu yakaanza kutiririka chini ya mlango wa behewa kama mtu aliyemwaga ndoo.

Singano akafikiri. Barafu nyingine ilikuwa sehemu moja tu: daraja la kwanza, katika ndoo ya vinywaji vya wakubwa. Akaingia, akainua ndoo.

"Wewe!" mkubwa mmoja wa reli akaita, glasi mkononi. "Unaipeleka wapi hiyo?"

"Kuna wagonjwa nyuma, Bwana."

"Wagonjwa wangapi?"

"Elfu kumi, Bwana," akasema Singano, akatoka mbio.

Barafu ile nayo ikaisha. Akachukua magunia, akaenda daraja la tatu, kwa kina mama wa Kipare waliokuwa wamekaa na mitungi yao ya maji ya safari.

"Shangazi zangu, naomba maji nilowanishe magunia. Nina mayai ya samaki yanakufa."

"Mjomba," akasema mmoja, "na mimi nikifa kwa kiu, hao samaki watakuja mazishini?"

Mabehewa yakacheka. Lakini yule aliyesema ndiye aliyetoa mtungi wa kwanza. Singano akalifunga sanduku kwa magunia yaliyolowa, akaliweka mlangoni upepo ulipokuwa unapita, akalipepea kwa kofia yake ya kazi mpaka injini ilipopona, na hata ilipopona hakuacha. Waliposhuka Moshi, karani mwenye muhuri, yule yule, alikuwa amesimama na muhuri mkononi; habari ya kihamba ilikuwa imemfikia na yeye. Pembeni yake alisimama mkubwa wa reli, kiu imemkausha midomo. Akamfukuza Singano kazi pale pale, mbele ya abiria. Singano akatungua nguo zake kwenye ule msumari.

Na mayai yakapita hai.

Moshi palikuwa na mpagazi aitwaye Ndetaulwa, mtu wa kwetu mlimani, mtoto wa katikati. Kwetu kihamba humwendea mtoto wa kwanza na kitindamimba. Wa katikati huambiwa ana nguvu, aende akajitafutie. Ndetaulwa alikuwa amejitafutia miaka tisa kwa kubeba mizigo ya watu. Alikuwa na mchumba, na baba wa mchumba alikuwa anamuuliza swali moja kila wakikutana: "Mwanangu utamlaza wapi, kichwani juu ya mzigo?"

Wakapewa sanduku wapagazi watatu, wapokezane. Ndetaulwa akalitazama, akaenda kukata mgomba, akabandua yale magamba yake mazito yaliyojaa maji, akalivika sanduku pande zote. Wenzake wakamcheka.

"Umelivisha koti!"

"Nyinyi bebeni tu," akasema.

Wakapanda nusu ya siku. Walipofika korongo la Ikuwi, wakakuta daraja la magogo halipo. Mvua ya juzi ililichukua. Wenzake wawili wakatua mzigo.

"Twende tukazunguke kwa chini," wakasema. "Siku mbili."

"Yatakufa."

"Basi yafe, mbe. Si mayai ya mama yako."

Wakaenda zao. Ndetaulwa akabaki na sanduku, korongo na karatasi ya amri iliyosema: marufuku kufungua. Sanduku zima lilikuwa zito mno kushuka nalo peke yake kwenye mawe yale. Akalifungua. Akatoa trei mbili, akashuka, akavuka maji hadi kiunoni, akapanda ng'ambo, akaziweka kivulini. Akarudi. Mbili nyingine. Akarudi. Mbili nyingine, anatembea kama mtu aliyebeba kibuyu cha pombe kilichojaa pomoni kwenye harusi ya mkwe. Safari ya nne, ya mwisho, sanduku tupu likiwa limefungwa mgongoni, jiwe likageuka. Mkono mmoja ungeweza kushika mzizi. Hakuushika. Akaanguka na mguu chini yake, trei mbili juu kifuani, sawasawa, bila yai hata moja kumwagika.

Akazifikisha kwenye nyumba ya mayai jioni, akiliburuta sanduku na mguu. Mguu ule haukukunjika tena mpaka anazeeka.

Na mayai yakapita hai.

Nyumba ya mayai ilikuwa kibanda alichojenga Bwana Mayai kando ya mfongo, mfereji wetu unaotoa maji mlimani na kuyagawa mashambani. Trei zililazwa kwenye birika refu, maji yakipita juu yake mchana na usiku. Ndivyo yanavyoanguliwa. Bwana Mayai alikuwa ameomba maji kwa Mangi, Mangi akasema chukua. Kulikuwa na jambo moja ambalo Bwana Mayai hakulijua, na Mangi alilisahau kwa kulizoea mno: maji ya mfongo ni ya zamu. Mangi humpa mtu maji. Saa za maji hupangwa na mzee wa mfongo.

Mzee wa mfongo alikuwa Meku Kileo, mtu mwenye magoti makavu na saa kichwani. Siku ya nne zamu ya juu ikaisha. Meku Kileo akaja, akasalimia vizuri, akaziba mlango wa mfongo kwa majani ya mgomba na udongo, akayaelekeza maji chini kwa aliyekuwa na zamu. Bwana Mayai alikuwa ameshuka Moshi. Mlinzi wa kibanda akapiga kelele, "Meku, samaki watakufa!"

"Samaki wana zamu?" akauliza Meku Kileo. "Wakiwa nayo, waje waseme." Akaondoka.

Mwenye zamu alikuwa mjane aitwaye Aikande. Alikuwa na mabinti wawili na hakuwa na mtoto wa kiume, na shemeji yake alikuwa ameshaanza kuhesabu mikungu ya ndizi katika kihamba cha marehemu. Alikuwa amemwambia, "Shemeji, kaa. Lakini ulezi wa pombe ya ukoo utoke shambani kwako kila mwaka. Mwaka usipotoka, wewe utarudi kwa kaka zako." Shamba hilo la ulezi ndilo lililokuwa likingoja maji.

Maji yakafika. Aikande akafurahi. Kisha akasikia mlinzi analia kule juu, akapanda kuona kuna msiba gani. Akakuta birika limekauka, na mayai elfu kumi yamelala yanamtazama.

"Mbona yana macho?" akauliza.

"Wamo ndani, mae, mama yangu," akasema mlinzi. "Wako hai. Wamebakiza siku chache watoke."

Aikande akasimama. Kwetu, mwanamke hagusi mlango wa mfongo. Hausogelei. Mwanamume mwenyewe huukaribia kwa adabu. Mlinzi naye hakuwa wa ukoo wenye mfongo, aliogopa kuugusa. Aikande akatazama chini, akauona ulezi wake unaanza kung'aa maji. Akatazama birika. Akakunja nguo, akaingia mfereji, akazibua kwa mikono yake miwili. Maji yakarudi juu ya mayai. Shamba lake likanywa mdomo mmoja tu, basi. Akachukua unyoya wa kuku, akakaa na mlinzi wakayaondoa yaliyokwisha kufa, yale meupe, yasiyaambukize mengine.

Meku Kileo akaja mbio.

"Mwanamke ameingia mfongo!"

"Nimeingia, Meku. Na nimetoka."

Wazee wakakaa. Wakasema maji yaendelee kwa Mzungu, kwa kuwa Mangi alishasema. Lakini yatoke katika zamu ya Aikande, msimu mzima, iwe adhabu. Ulezi ukakauka umesimama. Shemeji akaja, akautazama, akasema, "Pole," kwa sauti ya mtu aliyepona.

Na mayai yakapita hai. Yakaanguliwa. Wakawa viuzi vyenye macho, wakawa vidole, na siku moja Bwana Mayai akavua viatu, akaingia Ikuwi, akawamwaga kwa ndoo huku analia kama mtu anayeoza binti.

Mangi akaita watu uani kwake. Singano akaja, tangu afukuzwe alikuwa anapasua kuni kwa Mhindi Moshi. Ndetaulwa akaja na fimbo. Aikande akaja na mabinti zake na mizigo imefungwa, maana shemeji alikuwa amempa mpaka mwisho wa wiki awe ameondoka.

"Semeni," akasema Mangi.

Singano akasema, "Mangi, mimi ni mgeni, sijui adabu zenu, nisameheni nikikosea. Lakini niulizeni: huyu kaka angebeba nini? Huyu dada angemwagia nini maji? Bila mimi, wangepokea sanduku la wali. Nimepoteza kazi kwa ajili ya ile barafu ya Mkomazi. Sina pa kurudi."

Watu wakasema, "Kweli."

Ndetaulwa akasema, "Mgeni wetu amepoteza kazi, kazi hupatikana. Mimi nimepoteza mguu. Wenzangu wawili walikuwa na sanduku lile lile, korongo lile lile, wakaondoka. Na yeye mgeni alisikia habari ya kihamba, alijua anachotafuta."

"Na wewe hukujua?" akadakia Singano.

"Nilijua," akasema Ndetaulwa. "Kila hatua. Lakini miaka tisa nilibeba vya watu kwa sababu nilikuwa na miguu. Sasa nitabeba kwa nini? Bila mimi yangefia ng'ambo ya pili."

Watu wakasema, "Kweli tupu."

Aikande akasema, "Mimi sikuyafikiria mambo ya kihamba. Nilikuwa na pa kukaa, kwa nini nifikirie? Mwenzangu alilinda kwa barafu ya watu, mwenzangu alilinda kwa mguu wake, mimi nimelinda kwa nyumba yangu. Hawa wawili walianza hawana kihamba. Mimi nimeanza ninacho, nikamaliza sina."

Hapo wanawake waliokuwa nyuma wakaguna.

Meku Kileo akainua mkono. "Mangi, na mimi nisisahaulike. Nisingeziba mfongo, huyu mama angezibua nini?"

Ua mzima ukaangua kicheko, hata Mangi.

Bibi mmoja akamgeukia Bwana Mayai. "Bwana, na hawa samaki, tutaanza kuwala lini?"

Bwana Mayai akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema barua imekuja: kuvua ni kwa kibali, na vibali vitatolewa kwa wenye fimbo za kuvulia kutoka Nairobi na Moshi. Akaitazama ardhi. Watu wakatazamana. "Kumbe tumelea watoto wa wenyewe," akasema mtu, na wengine wakacheka, na wengine hawakucheka.

Mangi akamgeukia. "Basi wewe mwenye samaki, sema. Nani?"

"Nimejaribu wiki tatu," akasema Bwana Mayai. "Nikianza na mmoja, nafika kwa wote. Kihamba ni chako, Mangi."

Mangi akawatazama wote watatu, mmoja mmoja. Kisha akasema:

"Kihamba hakikatwi, kwa hiyo wawili nitawaumiza. Aikande ana kaka, watampokea, hata kama ni kwa uso wa kukunja. Ndetaulwa ana ukoo, utamlisha, hata kama ni kwa masimango. Singano hana mtu hata wa kumkunjia uso. Kihamba apewe Singano. Lakini yeye ni mgeni, na mpaka wa mgeni haupandwi na mkono wake. Wawili waliozaliwa hapa wampandie masale. Wakikosekana leo kabla ya jua kutua, kihamba kinarudi kwangu."

Kwetu masale, ile mimea ya majani marefu, ndiyo mpaka. Yakishapandwa, hata Mangi hayang'oi. Vijiti vya masale vikaletwa, vikawekwa katikati ya ua. Meku Kileo akatazama pembeni. Shemeji yake Aikande akakumbuka kuwa ana ng'ombe. Mmoja mmoja, watu wakaanza kuwa na shughuli. Singano akasimama peke yake na kofia yake ya reli mkononi, na jua likazidi kushuka.

Ndetaulwa akatema mate chini, si kwa uzuri. Akasema, "Nilimwambia mkwe wangu ataniona ndani ya kile kihamba. Naona ataniona kweli." Akachechemea, akachukua nusu ya vijiti.

Watu wakangoja wa pili. Aikande akawapa mabinti mizigo.

"Mae, mwanamke hapandi masale," akasema Meku Kileo.

"Nimeshagusa mfongo, Meku. Isale litanifanya nini?"

Meku Kileo akamtazama Mangi. Mangi akawa anatazama mlima.

Wakaenda ukingoni mwa Ikuwi. Ndetaulwa akapanda upande wa juu, amepiga goti moja, mguu mwingine umenyooka pembeni. Aikande akapanda upande wa chini, na hakupunja hata hatua. Singano alitaka kusaidia kuchimba. Wakamfukuza, wakamwambia akae ndani ya mpaka, asiukanyage. Kijiti cha mwisho kikaingia ardhini jua likiwa bado limeshika kilele. Jumatatu yake Aikande akaenda kwa kaka zake, na Ndetaulwa akakaa kibarazani kwa kaka yake mkubwa.

Hivyo ndivyo alivyoamua Mangi, na hao ndio waliotekeleza. Wako wanaosema alihukumu sawa. Wako wanaosema alimpa aliyeanza, wakati ilibidi ampe aliyeumia, au aliyepoteza zaidi. Na wako wanaosema kihamba kilipaswa kutolewa siku ile jioni, baada ya watu kuona nani amepanda masale, wala si kabla. Mimi nimewasikia wote na sikubishana na hata mmoja.

Sasa semeni nyinyi. Aliyewapepea samaki kwa kofia, aliyeanguka nao kifuani, na aliyewaachia maji yake: je, nani alistahili?